Ofisi Kwenye Meza ya Chakula

 

Siku chache zilizopita, baada ya ibada ya akina mama, mwenzetu mmoja alibaki nyuma. Alionekana kuwa na mawazo mengi. Binti yake yuko kidato cha nne, ni hodari wa masomo, tena ni mtoto wa kuuliza maswali na kutoa hoja. Jioni moja wakiwa mezani alimwambia baba yake, "Baba, nataka kusoma sheria. Halafu siku moja nigombee ubunge." Baba alicheka. Shangazi aliyekuwepo akadakia, "Mawakili kazi yao kutetea waongo, na siasa ni mchezo mchafu. Nani atakuoa?" Binti akanyamaza, akaondoa vyombo, na tangu siku ile hajalitaja tena jambo hilo.

"Naogopa akienda huko atapotea," mama yake alituambia. "Lakini na huu ukimya wake unanitia hofu."

Tulimwombea. Kisha tukaona vyema kumsimulia habari za binti mmoja wa mchungaji, aliyekuwa wakili na baadaye mwanasiasa wa jimbo lake. Alipomaliza kusikiliza alituomba tuwasimulie na ninyi, maana hofu yake ni hofu ya wengi wetu.

NYUMBA YA MCHUNGAJI

Barbara Jordan alizaliwa tarehe 21 Februari 1936 katika mji wa Houston, jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Alikuwa wa mwisho kati ya mabinti watatu. Baba yake, Benjamin Jordan, alikuwa karani katika ghala la mizigo na baadaye akawa pia mchungaji wa Kibaptisti. Mama yake, Arlyne, alijulikana kanisani kwa kipaji cha kusema mbele ya watu. Waliishi Fifth Ward, mtaa wa Wamarekani Weusi wenye kipato kidogo.

Ilikuwa nyumba ya sala, ya kuimba na ya masharti makali. Dansi na sinema vilikuwa marufuku. Inasimuliwa kwamba Barbara alipoleta ripoti ya shule yenye alama za A na B moja tu, baba hakuzisifu zile A, bali aliuliza ile B imetoka wapi. Wako watoto ambao ukali wa namna hiyo huwavunja moyo, na Barbara mwenyewe alipokuwa mtu mzima hakuficha kwamba ulimlemea. Lakini aliona pia kwamba baba hakusema, "Huyu ni msichana, B inamtosha."

Kulikuwa na mtu mwingine aliyemjenga. Huyo ni babu yake mzaa mama, John Ed Patten, aliyejipatia riziki kwa kuuza vyuma chakavu na matambara. Jumapili mtoto alishinda na babu yake, wakizungumza na kupanga bidhaa zake. Babu alimfundisha kusimama kwa miguu yake mwenyewe, asiige watu ili apendwe.

Barbara alipokuwa sekondari, shuleni kwao alikuja mgeni kuzungumza na wanafunzi juu ya kazi za maisha. Mgeni huyo alikuwa mwanamke Mweusi kutoka Chicago, Edith Sampson, naye alikuwa wakili. Binti alimtazama, akamsikiliza, akaamua kwamba atasoma sheria. Tazameni, akina mama, mgeni wa siku moja anavyoweza kubadili maisha ya mtoto!

ELIMU ILIYOTENGWA

Katika Texas ya siku hizo Weusi na Weupe walitengwa kwa sheria. Mpaka mwaka 1944, Weusi walizuiwa kupiga kura katika uchaguzi wa awali wa chama cha Democratic, na kwa kuwa chama hicho ndicho kilichoshinda karibu kila mahali, kura hiyo ndiyo iliyokuwa na maana. Mwaka huo Mahakama Kuu ya nchi ilikomesha zuio hilo, katika kesi iliyofunguliwa na daktari wa meno Mweusi wa mji huohuo wa Houston. Hata baada ya hapo ilibaki kodi ya kura, yaani ukitaka kupiga kura ulipe kwanza. Mtu maskini akichagua kati ya kodi hiyo na unga wa watoto, mnajua angechagua nini.

Barbara aliingia Chuo Kikuu cha Texas Southern, chuo ambacho jimbo lilikianzisha kwa ajili ya Weusi mwaka 1947 ili wasiombe nafasi katika chuo cha Weupe. Huko akawa nyota wa midahalo. Alihitimu mwaka 1956 kwa alama za juu, akaenda kusoma sheria Chuo Kikuu cha Boston, mbali kaskazini.

Huko alipata mshtuko. Aligundua kwamba shule za Weusi alizosoma zilikuwa zimemnyima mengi, na kwamba usemaji mzuri peke yake haumfanyi mtu kuwa mwanasheria. Ilimbidi asome usiku na mchana ili awafikie wenzake. Nyumbani baba alikuwa akibeba mzigo wa ada uliozidi uwezo wa karani wa ghala. Mwaka 1959 Barbara alipata shahada yake ya sheria.

OFISI ISIYO NA KODI

Baada ya kufundisha mwaka mmoja Tuskegee, jimbo la Alabama, Barbara alirudi Houston kufanya kazi ya uwakili. Hakuwa na fedha za kukodi chumba cha ofisi. Alifanyia kazi wapi? Kwenye meza ya chakula ya wazazi wake.

Akina mama, hebu tusimame kidogo hapo. Ninyi mnajua meza ya chakula ni nini ndani ya nyumba. Ndipo mnapochambulia mchele, ndipo watoto wanapofanyia kazi zao za shule, ndipo mgeni anapowekewa chai. Sasa waza hati za viwanja na kesi za watu zimetandazwa hapo, na wateja wanagonga hodi. Vitabu havikutuandikia alichosema Mama Arlyne. Lakini ofisi ile haikuwa na mahali pengine ila ndani ya nyumba yake. Mama mwenye kipaji cha kusema aliipisha kazi ya binti yake mezani pake.

Mwaka 1960, wakati wa uchaguzi wa rais, Barbara alijitolea kufanya kazi ya chama. Hakuanza na kazi ya heshima. Alihesabu nyumba na mitaa, akapanga watu wa kupita mlango kwa mlango kuwahimiza Weusi wakapige kura. Ndipo watu walipomsikia akizungumza makanisani, wakaijua sauti yake.

Mwaka 1962 aligombea Baraza la Wawakilishi la jimbo la Texas. Hapa tueleze kidogo. Kila jimbo la Marekani lina gavana wake na bunge lake linalotunga sheria za jimbo. Bunge la Texas lina mabaraza mawili: Wawakilishi 150 na Maseneta 31. Linakutana katika mji wa Austin, na kikao chake cha kawaida huwa mara moja kila miaka miwili.

Barbara alishindwa. Mwaka 1964 akagombea tena, akashindwa tena. Weusi walimpigia kura kwa wingi, lakini wagombea walipigiwa kura na wilaya nzima kubwa, kwa hiyo kura za mitaa yao zilimezwa. Na kama kawaida ya ulimwengu, watu walianza kumwuliza kwa nini asiachane na siasa akaolewa. Alikuwa na miaka 28.

Mlango ulifunguliwa na sheria. Mwaka uleule wa 1964 Mahakama Kuu iliamua kwamba sehemu za uchaguzi wa mabunge ya majimbo ziwe na idadi ya watu iliyo karibu sawa, ili kura ya mtu mmoja isizidi ya mwingine kwa uzito. Texas ikalazimika kuchora mipaka upya. Ikapatikana sehemu mpya ya useneti ndani ya Houston, yenye Weusi wengi, wafanyakazi wa viwandani, na watu wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1966 Barbara aligombea kwa mara ya tatu, akashinda kwa tofauti kubwa.

MMOJA KATI YA 31

Mapema mwaka 1967 Barbara Jordan aliingia katika Seneti ya Texas. Tangu mwaka 1883 hapakuwa na Mweusi hata mmoja katika baraza hilo. Kati ya watu 31, yeye alikuwa Mweusi peke yake na mwanamke peke yake. Baadhi ya wale waliokaa naye walikuwa wametumia maisha yao kutetea utengano wa rangi.

Wengi walitazamia kwamba ataingia na makelele. Yeye alianza kwa kusoma kanuni za Seneti mpaka akazijua vizuri, akamsikiliza kila mtu, akawajua wenzake mmoja mmoja: huyu anataka nini, yule anaogopa nini. Ndivyo mama wa nyumbani mwenye hekima anavyoingia katika ukoo wa mumewe!

Faida yake ilionekana mapema. Uliletwa muswada ambao ungewazidishia wananchi maskini ugumu wa kujiandikisha kupiga kura. Kwa desturi ya Seneti, muswada haukujadiliwa mpaka theluthi mbili ya maseneta wakubali. Maana yake, maseneta 11 walitosha kuuzuia. Barbara hakupanda jukwaani kulaumu. Alikwenda kwa mwenzake mmoja baada ya mwingine, akapata ahadi za watu kumi. Pamoja naye wakawa 11, na muswada ukafia hapo. Mwisho wa kikao hicho maseneta walewale walipitisha azimio la kumsifu.

Alichaguliwa tena mwaka 1968. Katika miaka yake ya Seneti alisaidia kupitisha sheria ya kwanza ya Texas ya kima cha chini cha mshahara, iliyowalenga watu wa kipato kidogo ambao sheria ya taifa ilikuwa haiwagusi. Alishughulikia pia fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Haya si mambo ya kushangiliwa barabarani. Lakini mama aliyefiwa mguu na mashine, au anayelipwa kwa kadiri ya huruma ya tajiri, anajua uzito wake.

Hatutaki kuwachorea malaika. Siasa ilimpitisha pia mahali pagumu. Mwaka 1971 mipaka ilipochorwa tena, Barbara alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati iliyohusika. Houston ikapata sehemu mpya ya uchaguzi wa Bunge la taifa, ambayo ilimfaa yeye, wakati sehemu yake ya useneti wa jimbo ilivunjwavunjwa. Mwanasiasa mwenzake Mweusi, Curtis Graves, alimshutumu hadharani kwamba ameuza kiti cha Weusi ili ajipatie kikubwa zaidi, akagombea dhidi yake. Wapiga kura walimchagua Barbara kwa wingi mkubwa. Hata hivyo shutuma ile ilikuwa na swali la haki ndani yake. Anayeingia katika kazi hii ajue kwamba mapatano yana gharama, na wakati mwingine gharama hiyo hulipwa na wengine.

SIKU YA FURAHA NA YA MAJONZI

Mwaka 1972 Maseneta walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti. Kwa desturi ya Texas, mwenye cheo hicho hupewa siku moja ya kushika nafasi ya gavana, wakati gavana na makamu wake wakiwa nje ya jimbo. Siku yake ilikuwa tarehe 10 Juni 1972. Watu walisafiri kutoka Houston hadi Austin kushuhudia mwanamke Mweusi akiwa Gavana wa Texas, ingawa ni kwa siku moja.

Baba yake alikuwepo. Yule karani wa ghala aliyeuliza B imetoka wapi, aliyejinyima kwa ajili ya ada ya Boston, alimwona binti yake akiapishwa. Siku hiyohiyo aliugua ghafla akapelekwa hospitali. Kesho yake alifariki dunia.

Tunapoisimulia habari hii hatujui kama tufurahi au tulie. Lakini tunajiuliza: kama mzee yule, miaka ile ya nyuma, angemcheka binti yake mezani, siku hiyo angeshuhudia nini?

Mwaka huohuo Barbara alichaguliwa kuingia katika Bunge la taifa. Tarehe 25 Julai 1974, katika kamati iliyokuwa ikichunguza makosa ya Rais Richard Nixon, alizungumza kwa dakika chache mbele ya taifa zima lililokuwa likitazama televisheni. Alikumbusha kwamba Katiba ilipoandikwa, watu kama yeye hawakuhesabiwa ndani yake, na kwamba hata hivyo imani yake katika Katiba hiyo ni kamili. Wiki mbili baadaye Nixon alijiuzulu. Mwaka 1976 Barbara alikuwa Mweusi wa kwanza kutoa hotuba kuu katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic.

Wakati huo tayari alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ambao hatimaye ulimkalisha katika kiti cha magurudumu. Mwaka 1979 aliondoka Bungeni kwa hiari yake, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Alifundisha maadili ya uongozi. Na chuo hicho ndicho kilekile ambacho katika utoto wake hakikupokea Weusi! Alifariki tarehe 17 Januari 1996, akiwa na miaka 59, akazikwa katika makaburi ya heshima ya jimbo la Texas. Yeye alikuwa Mweusi wa kwanza kuzikwa humo.

NA SISI JE?

Barbara Jordan hakuolewa. Hatulifichi jambo hilo, kwa sababu shangazi wa yule binti atalitaja. Sisi tulioolewa tunaijua baraka ya ndoa na tunajua pia kazi yake. Lakini ndoa ni zawadi ya Mungu, na haifai kugeuzwa fimbo ya kumtishia mtoto ili aache kusoma. Wako mawakili na wabunge wenye waume na watoto, na wako wanawake walioacha shule ili waolewe, na mume hakuja.

Kuhusu uchafu wa siasa, nani atakayeisafisha ikiwa kila mama Mkristo atamzuia mtoto wake mwema asiiguse? Someni Hesabu sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaomba urithi wa baba yao ambaye hakuacha mtoto wa kiume. Ilihitaji ujasiri. Musa aliipeleka hoja yao kwa Bwana, na Bwana akasema wamenena haki. Sheria ya Israeli ikaongezwa kwa sababu mabinti walisema. Nasi tunajiuliza ni nani aliyewafundisha wasichana wale kupanga maneno namna ile, kama si mama aliyewasikiliza wakiwa wadogo.

Mtoto anayebishana anachosha. Tunalijua hilo, tunao majumbani. Tumfundishe kubishana kwa adabu, kumsikiliza mwenzake mpaka amalize, kukubali akikosea. Akishindwa mara ya kwanza na ya pili, kama Barbara, tusiwe wa kwanza kumwambia, "Nilikuambia!" Hatuna fedha za kumkodishia ofisi, lakini meza tunayo.

Yule mwenzetu alirudi Alhamisi iliyofuata. Alituambia kwamba usiku mmoja, baba akiwa bado hajarudi, alimwita binti yake jikoni akamwambia, "Lile jambo ulilomwambia baba yako, hebu nieleze mimi." Binti alimtazama kwanza kama asiyeamini. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akaanza kusema. Mboga zilikaribia kuungua.

Baba bado hajakubali. Tunaendelea kuwaombea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho binti yako alipokuambia anataka kuwa nani, ulimjibu nini? Mwanao wa kiume angesema hivyohivyo, ungemjibu vilevile?

2. Katika usharika wenu yuko mwanamke mwenye taaluma, kama wakili, mwuguzi au mhasibu, anayeweza kualikwa siku moja kuzungumza na wasichana?

3. Mgombea mwanamke akija kuomba kura, huwa tunamwuliza juu ya mumewe, au juu ya kazi atakayoifanya?

TUOMBE

Ee Baba wa mbinguni, umetupa mabinti wenye vinywa na akili. Utusamehe tulipowanyamazisha kwa hofu zetu. Wajalie waseme kweli na watende haki popote utakapowaweka. Nasi utupe masikio ya kuwasikiliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.